Kilima cha Mjane na Rimu Zangu

Mie shule niliiacha mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyenifukuza. Niliona wanachofundisha na ninachokitaka havikutani, nikachana daftari, karatasi nikawapa wauza karanga wafungie, maisha yakaanza. Leo nina uwanja wangu Mtoni, kando ya Kilwa Road, una ukuta na geti, na ukutani nimetundika rimu za magari kama wenzangu wanavyotundika picha za wazazi wao. Wale niliowaacha darasani wanakuja kwangu kujaza upepo. Nawajazia. Sina kinyongo na mtu.

Nayasema haya mapema ili ujue unasoma maneno ya nani. Kwenye mambo ya rimu, kuanzia Mtoni mpaka Mbagala, na ukitaka vuka Kigamboni ukaulize, hakuna wa kunifundisha. Naigonga rimu kwa pete ya kidoleni, inaniambia yenyewe kama ilishawahi kupinda ikanyooshwa. Ufa nausikia kabla sijauona. Watu wameniletea magari yanatetemeka kama yana homa, wakasema mafundi wote wameshindwa. Mie nimevua tairi moja tu, nikawarudishia gari linatembea kama liko juu ya godoro.

Kibao cha biashara yangu kilikuwa gari langu mwenyewe. Kigari cheupe cha Kijapani, injini yake ndogo, ukifungua boneti unaitafuta. Lakini chini nilikivalisha rimu za kroomu, inchi kumi na nane, pana, zenye miale kama jua la kwenye kalenda. Zilivyokuwa zinang'aa, ukiegesha penye kuku, jogoo anakuja kupigana na sura yake. Kwenye buti niliweka sabufa kubwa, maana asiyekuona inabidi akusikie. Kuondoka gari lilikuwa zito, hilo sikatai. Kwenye taa, bodaboda zote zilinitangulia, na siku moja hata mkokoteni wa maji. Mie nilikuwa nasema mtu mwenye heshima haondoki kwa pupa.

Mwanamke wangu nilimpata kwa sababu ya pancha. Kwao hasa ni hapahapa Mtoni, watu wa mwambao wa zamani, ila mumewe alijenga Goba, akamhamishia huko kwenye vilima, kisha akafariki. Siku hiyo alikuja kwa ndugu zake kwenye hitima, bajaji aliyopanda ikapata pancha mbele ya geti langu. Akashuka, mtandio begani, akasimama kulitazama gari langu kwa muda. Nikajisemea moyoni, tayari, limemwingia.

"Kaka," akasema, "hili gari au sinia la pilau?"

Mafundi wangu waliangua kicheko, wale ninaowalisha mie mwenyewe. Jibu lilinijia bajaji imeshazibwa pancha, imeshawashwa.

"Sinia halili mtu mmoja, dada! Nafasi ipo!"

Aligeuka akacheka, nikayaona meno yake. Hapo nikaamua.

Nikaulizauliza. Mjane, eda aliimaliza zamani, watoto wakubwa wana miji yao, na ana duka lake la vifaa vya ujenzi hukohuko Goba: saruji, nondo, misumari. Mie na mke wangu wa kwanza tulishaachana kwa amani, kila mtu na geti lake. Hapakuwa na kizuizi. Nikamtuma shangazi yangu awe mshenga.

Shangazi huyu ni dada wa baba, mtu mzima, na mwili ameumbwa nao haswa. Akikaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kinatubu. Alikwenda Goba asubuhi, akarudi jioni, akavua viatu kabla hajasema neno.

"Shikamoo shangazi. Wamesemaje?"

"Marahaba. Mwenyewe hana neno. Kaka yake, ambaye ndiye walii wake, naye hana neno kama dada yake hana neno. Ila kuna sharti."

"Mahari?"

"Mahari mtaongea. Sharti lake ni kwamba posa uipeleke kwa gari lako mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Kasema hivi, si chini kwenye genge. Mlangoni. Ukiliacha gari chini ukapanda kwa miguu, geuka na haluwa yako ukaile peke yako."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Watu wanaombwa nyumba, wanaombwa dhahabu, mie naombwa kuendesha gari! Kama angeniambia niogelee ningeogopa.

"We cheka," shangazi akasema. "Mie nimekipanda hicho kilima kwa miguu. Mpaka sasa pumzi yangu nyingine iko huko juu."

Tukaenda Jumapili. Nimevaa kanzu, koti na kofia ya kiua, gari nimelisugua mwenyewe kwa mikono yangu. Shangazi kakaa nyuma na sinia la haluwa mapajani, limefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Goba yote kwenye lami niliipita kama mgeni rasmi. Lami ikaishia kwenye genge la mama mmoja muuza nyanya, na hapo nikakiona kilima.

Sitaki kukisifu, lakini kilikuwa kilima. Njia ya changarawe, mawe yamechomoza kama meno ya mzee, na katikati mvua imechimba korongo ambalo mbuzi angeliogopa. Katikati ya mpando kuna kona, kwenye kona kuna mpapai, na juu kabisa nyumba ya bati la kijani yenye baraza. Mtu akikaa kwenye baraza ile anamwona kila anayekuja na kila anayeshindwa. Na kweli, palikuwa na mtu amekaa, kanga ya njano.

Nikaongeza sauti ya sabufa ili ajue. Nikakanyaga mafuta.

Mwanzo tulipanda vizuri. Kufika kwenye kona, tairi za mbele, ambazo ndizo zinazovuta gari lile, zikaanza kurukaruka juu ya mawe kama bisi kwenye sufuria. Zikiwa hewani zinazunguka bure, zikitua zinarusha mawe nyuma, injini inalia, na harufu ya mpira imejaa ndani.

"Songa mbele basi!" shangazi akapiga kelele.

"Si nasonga!"

"Unasonga? Ule mpapai tulishaupita, mbona unarudi?"

Tulirudi kinyumenyume, muziki ukipiga, mpaka mbele ya genge. Nilipogeuka nyuma, haluwa ilikuwa imehama sinia na kuhamia kwenye buibui la shangazi, naye anasoma dua zote anazozijua, hata ya kuingilia chooni. Mama wa genge akaacha kupanga nyanya.

"Bwana harusi umesahau kitu?"

Kabla sijamjibu, jogoo wake akatoka chini ya meza, akaona rimu, akaanza kupigana nayo. Hapo simu ya shangazi ikalia. Akaiweka sauti kubwa, sijui kwa nini, shangazi huyu nitamuuliza siku moja.

"Shangazi, shikamoo," ilikuwa sauti ya mjane kutoka juu. "Mwambie nimemwona. Asante kwa muziki."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mie sikujenga uwanja kwa kukata tamaa. Nikasema tatizo ni mwendo, na uzito wa shangazi, Mungu anisamehe. Siku nyingine nikaenda peke yangu, nikaanzia mbali kwenye lami, nikakiingia kilima kwa kasi kama ng'ombe aliyeona mlango wazi. Tairi za rimu kubwa, kama hujui, ni nyembamba ubavuni, mpira kidogo tu kati ya chuma na jiwe. Jiwe la kwenye kona likalikata tairi, na ukingo wa rimu ukakunjika. Nikabadilisha tairi palepale chini ya mpapai, na kutoka barazani hapakuja hata simu. Watoto wa shule walinipita wakiimba "bwana harusi, bwana harusi". Kwenye genge tayari nilikuwa na jina.

Basi nikaenda dukani kwake. Duka lake liko kwenye lami, hapahitaji kupanda kitu. Nilimkuta amekaa juu ya mifuko ya saruji kama malkia, kalamu sikioni.

"Karibu," akasema. "Umekuja kununua au kupumzika?"

"Kununua. Nipe misumari."

"Ya inchi ngapi? Maana nyie wanaume wa rimu mnapenda inchi nyingi, kazi yenyewe hamna."

Mteja aliyekuwa anapima waya akatoka nje acheke vizuri. Mie nikavuta ndoo ya rangi nikakaa.

"Dada, tuongee kama watu wazima. Hilo sharti la nini? Kama hunitaki, sema. Mie nina kazi Mtoni, siwezi kuhamishia tairi zangu zote kwenye kilima chako."

Alitoa kalamu sikioni akaiweka mezani.

"Marehemu alishikwa na ugonjwa mchana," akasema. "Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tulimpigia simu kila mwenye gari tunayemjua. Wakaja, siwezi kuwasingizia. Wanafika pale kwenye genge, wanatazama juu, wanageuza. Mmoja akajaribu. Magurudumu yake kama hayo yako, yanang'aa. Akaishia penye mpapai, palepale unapoishia wewe. Ndipo kaka yangu na majirani wakang'oa mlango wa chumbani, wakamlaza juu yake, wakamshusha kwa mikono. Chini alifika. Hospitali alifika. Lakini kuletwa nyumbani, hakuletwa. Alifia hukohuko, akapelekwa kwao, akazikwa."

Nikaisogeza ndoo karibu.

"Ule mlango tumeurudisha kwenye bawaba zake," akaendelea. "Kila nikienda kulala naufungua kwa mkono huu. Kwa hiyo usinione nakuchezea. Mie sihitaji mwanaume wa kung'aa. Nahitaji nikiugua, gari lifike mlangoni linichukue, na nikipona linirudishe mlangoni. Ukiweza, njoo na haluwa. Usipoweza, misumari yako hii hapa."

Mdomo huu wangu umewahi kuwauzia watu rimu ambazo hawana gari la kuzifunga. Siku hiyo nilichukua misumari, mdomo ukasema asante tu.

Kesho yake nikaenda Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Kuna mzee wa Kihindi pale, Mshia, familia yao wako Dar tangu babu wa babu, ana makontena ya rimu zilizotumika kutoka Japani. Ndege zikipita kutua, mazungumzo yanasimama, kisha yanaendelea palepale yalipokatika. Nanunua kwake miaka mingi, na ndiye mtu pekee katika biashara hii ninayemkubali, kwa sababu na yeye ananikubali.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nani kafa? Umekuja bila muziki."

"Hajafa mtu. Nataka rimu nyepesi za kigari changu. Nyepesi kuliko zote ulizonazo."

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe? Nyepesi?"

Nikamweleza kilima, mjane, na mlango. Hakucheka. Aliniambia nivue rimu moja ya kroomu, iliyo nzima, niitenganishe na tairi lake. Yule mzee ana namna yake ya kumuuzia mtu rimu. Hana mzani. Ana chupa ya chai.

"Ishike kwa mkono mmoja, unyooshe mbele," akasema. "Mie namimina chai. Kikombe kijae kabla mkono haujashuka."

Nikanyoosha. Mie mkono wangu ni mkono wa jeki na spana, si mkono wa kalamu. Mzee akamimina taratibu, kauzi kembamba, kama anamnywesha ndege. Bega likaanza kuwaka. Kiwiko kikatetemeka. Ndege ikapita juu, na kelele ilipoisha rimu ilikuwa chini, karibu na dole gumba langu, na kikombe hakijafika nusu.

Akaingia kwenye kontena, akatoka na kitu cha kijivu, kidogo, kimechubuka, hakina mwale hata mmoja wa maana. Ukikiweka jikoni mtu angepikia.

"Shika hii."

Akajaza kikombe. Akaweka sukari, akakoroga. Akanywa. Akaniuliza habari za shangazi. Mkono wangu ulikuwa bado uko mbele.

"Yako ni ya kumimina," akasema. "Wameyeyusha, wamemwaga kwenye kalibu, lazima waijaze unene ndiyo isivunjike. Hii ya kufua, kama jembe. Imepigwa mpaka imeshikana yenyewe, nyembamba inatosha."

"Mbona mbaya hivi?"

"Kwani anaolewa na rimu?" Akapangusa ukungu wa chai kwenye miwani. Alikuwa na shati jeusi, maana ulikuwa mwezi wa Muharramu, mwezi wao wa maombolezo. "Mwezi huu sie harusi hatufanyi. Rimu tunauza. Harusi yako isogeze mbele kidogo, nije nile pilau kwa raha."

Sasa hapa kuna mtu atasema, we si ndiye bingwa, hukujua? Nilijua. Nilijua kabla ya wote. Lakini anayeuza mafuta ya nywele hawezi kutembea na kipara. Mie niliuza kung'aa, nikatembea nimeng'aa.

Jambo lenyewe ukitaka kulielewa, vaa gambuti upande ngazi, kisha vaa kandambili upande tena. Mzigo ulioko begani unaubeba tu. Mzigo ulioko mguuni unaubeba na kuurusha kila hatua. Gurudumu ndilo mguu. Kila gari linapoondoka, injini haisukumi gari peke yake, inalizungusha na gurudumu lenyewe, na uzito ukikaa mbali na katikati, kule pembeni kwenye ukingo, kuuzungusha ni kazi zaidi, kama ndoo uliyoifunga kwa kamba ndefu. Na ukitaka kusimama, breki nayo inalipata hilohilo kwa upande wa pili. Halafu weka tairi refu, mzunguko mkubwa, injini ndogo inakuwa kama mtu mfupi anayepiga hatua za mtu mrefu.

Na kwenye mawe ndiyo kabisa. Gurudumu zito likipanda jiwe linarushwa juu, shokapu inajitahidi kulirudisha chini, haiwezi, linachelewa hewani. Tairi lililo hewani halisukumi gari, linasukuma upepo. Jepesi linapanda jiwe, linashuka nyuma ya jiwe, halijaachana na ardhi. Wenye vyeti wana maneno yao ya hayo yote. Mie nina haya, na magari yangu yanatembea.

Nilizifunga rimu za kijivu mchana kweupe, kwenye uwanja wangu, na tairi zenye ubavu mnene. Mtoni nzima ikasimama. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, naye anauza rimu, ila za kuiga, akaja na kiti chake kabisa.

"Braza, umefilisika?"

"Nimeposa."

"Ukweni ndiko walikokuvua rimu?"

"Kaa utazame," nikamwambia, "ujifunze kitu kabla hujazeeka."

Alicheka, na mafundi wangu wakamsaidia. Kigari kilikuwa kimesimama kifupi, kama mzee aliyevuliwa viatu msikitini. Lakini nilipotoka nacho Kilwa Road, ilikuwa habari nyingine. Taa ilipowaka kijani niligusa mafuta tu, kikaondoka, bodaboda wakageuza vichwa kunitafuta nyuma ambako wamezoea kuniona. Usukani mwepesi. Breki inashika pale unapoiambia, si mbele kidogo. Kwenye matuta, kule nilikozoea kusikia gari likipiga kelele tumboni, kimya. Nilijisifu peke yangu mpaka Mbagala na kurudi.

Muharramu ulipokwisha tukarudi Goba. Shangazi safari hii haluwa aliiweka kwenye bakuli la mfuniko, akalifunga kwa kanga, kisha akaifunga ile kanga kwa nyingine.

"Sikuamini," akaniambia, "lakini nakupenda."

Kwenye genge mama wa nyanya akasimama. "Karibu tena bwana harusi! Leo yale masinia umemwachia nani?" Jogoo akatoka, akatazama rimu, hakuona mtu, akarudi chini ya meza.

Nikaingia kilimani polepole, gia ya chini, bila muziki. Mawe nikayasikia moja moja chini ya miguu, lakini tairi hazikuruka. Kona ikaja. Mpapai ukaja. Mpapai ukapita, na haukurudi. Shangazi nyuma amefumba macho.

"Tumefika wapi?"

"Fumbua uone mwenyewe."

"Sifumbui mpaka nisikie sauti za ukweni."

Nikasimama mlangoni, bampa karibu iguse ngazi. Kaka mtu, mpole mwenye ndevu nyeupe, alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Akasimama, akakiweka chini. Mjane akatoka na kanga yake ya njano, hakunitazama mie, akaenda moja kwa moja kwenye tairi akalipiga teke.

"Ndo hizi?"

"Ndo hizi."

"Mbaya."

"Mbaya sana," nikasema, na sijawahi kutukanwa nikajisikia vizuri namna ile.

Kaka yake akanyoosha mkono kupokea bakuli. "Karibuni ndani, shemeji."

"Bado," mjane akasema.

"Dada, si kashafika?"

"Kafika kuchukua. Kurudisha bado." Akafungua mlango wa nyuma, akamsogeza shangazi, akapanda, akajilaza kwenye kiti, kichwa mapajani mwa shangazi, akajifunika kanga mpaka kidevuni. "Kaka, kaa mbele. Mgonjwa haendi peke yake. Tushuke mpaka genge, kisha mnirudishe."

Kaka mtu akanitazama, mie nikamtazama. Akakaa mbele, bakuli la haluwa mapajani.

Kushuka kulikuwa rahisi, breki zilishika kama nilivyokuwa nimejisifia. Mama wa genge alipochungulia dirishani akamkuta mjane amelala, akaitoa mikono kwenye nyanya na hakusema utani wowote. Yeye naye alikuwepo siku ile ya mlango. Nikageuza.

Tukaanza kupanda. Sasa nilikuwa na watu, na shangazi peke yake ni watu. Tairi zilishika, lakini injini ikaanza kuchoka, sauti ikashuka, ikashuka, na kwenye kona, penye mpapai, gari likasimama. Halikurudi nyuma. Lilisimama tu. Nikavuta breki ya mkono.

"Nishuke nisukume?" kaka akauliza, na mkono wake ulishafika kwenye kitasa.

"Kaa hapohapo," sauti ikatoka chini ya kanga. "Wewe ulishabeba."

Kijasho kikanitoka, lakini akili yangu haijawahi kuniacha njiani. Kila cha kujionyesha nilishakivua kwenye lile gari isipokuwa kimoja. Nikashuka, nikatega jiwe nyuma ya tairi, nikafungua buti, nikaikumbatia ile sabufa na sanduku lake zima, nikailaza chini ya mpapai. Jirani yangu wa Mtoni angeniona angelia kwa furaha. Nikarudi, nikafunga mlango.

Kuondoka kutoka kusimama, kwenye mpando, juu ya mawe, na mzigo: hapo ndipo gurudumu zito linapokuaibisha, maana linataka kuzungushwa kuanzia sifuri. Nikaachia breki kidogo kidogo, nikagusa mafuta kama mtu anayegusa uji wa moto.

"Mgonjwa anasubiri," mjane akasema, macho amefumba.

"Mgonjwa anyamaze," nikamjibu.

Tairi likazunguka nusu, likauma jiwe. Likauma lingine. Mpapai ukaanza kwenda nyuma, taratibu, jani moja moja. Kaka mtu alikuwa amelishika bakuli kwa mikono miwili, midomo inacheza dua. Ukaja ukuta wa nyumba, likaja bati la kijani, ikaja ngazi. Nikazima injini.

Mjane hakuinuka. Tulikaa hivyo, injini inalia ti, ti, ikipoa. Shangazi alikuwa anampapasa nywele. Kaka mtu alitazama mbele, kwenye mlango wa nyumba.

"Haya," mjane akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, na hakuwa anatwambia sisi. "Tumerudi."

Kisha akakaa, akafunga kanga yake vizuri, akampiga kaka yake begani.

"Ipeleke hiyo haluwa ndani. Imekaa mapajani mwako mpaka imekuzoea."

Mie nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Kilwa Road, ya kujisifu, mazuri sana, nimeyapanga. Nikayaacha. Mkono ukaenda kwenye redio wenyewe, nipige angalau muziki, nikakumbuka muziki uko chini ya mpapai. Shangazi ndiye aliyeniokoa. Alishusha miguu yake mizito kwenye ngazi, akavuta pumzi, ile yake aliyoiacha huko juu mara ya kwanza, akapiga kigelegele. Na kutoka chini kabisa, kwenye genge, kikaja kingine kumjibu.